Kijana wa Kiislamu na historia ya Wayahudi

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliuliza kijana wa Kiislamu anatafuta nini chuo kikuu katika historia na lugha za Wayahudi. Binti yangu anasoma somo hilohilo Uingereza, nami ni mwalimu wa Kiarabu, kwa hiyo naomba nafasi nimjibu.

Wengi hudhani somo hili ni Agano la Kale tu, au siasa za Palestina. Binti yangu anasoma barua za wafanyabiashara! Zilirundikana kwa karne nyingi katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra, Cairo ya kale, hadi mwanachuoni Solomon Schechter alipozihamishia kwa wingi Cambridge mwaka 1897. Nyingi ni Kiarabu kitupu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Alipokuja likizo alinifundisha herufi zote 22, tukaisoma pamoja barua ya Daudi, mdogo wake Musa bin Maimun, yule tabibu na mwanafalsafa wa Kiyahudi aliyesifu sana maandishi ya Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu. Daudi aliandika mnamo 1170 akiwa Aidhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Amevuka jangwa kutoka Qus, mji wa kando ya Mto Nile, kwa mashaka makubwa. Kufika, hakuna cha maana cha kununua ila nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo. Basi ameamua kupanda chombo aende India, na anaomba walio nyumbani watulizwe wasiingiwe na hofu. Daudi alikuja kufa maji katika Bahari ya Hindi. Musa aliandika baadaye kwamba msiba ule ulimlaza kitandani karibu mwaka mzima. Nani wa pwani hii atasema hayo hayamhusu?

Vyuo vyetu ninavyovifahamu hufundisha Kiebrania cha Biblia kwa wanaosomea uchungaji, kisha basi. Na hapo Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, walioshika dini ya Kiyahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoifuata mwaka 1919. Historia yao nayo ingefaa isomwe na vijana wetu hapahapa.

Kijana aliyetoka madrasa na Kiarabu kizuri ana nusu ya elimu hii tayari mkononi. Nawaomba wakuu wa vyuo waanze hata na darasa moja la barua hizi. Cambridge wameweka picha zake kwenye intaneti, bila malipo.

Mwalimu wa Kiarabu,
Ngamiani, Tanga