Baba Doto, tusimalize kwa gamba la bluu

Kirumba, Mwanza

Kwako Baba Doto,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi, mama Neema na watoto ni wazima, na mvua zimeanza kututembelea kila jioni kutoka ziwani. Natumaini nanyi Bukoba hamjambo na mguu wa mama umepata nafuu. Mfikishie shikamoo yangu.

Nirudi kwenye yale ya simu, maana salio liliisha kabla sijakujibu. Ulisema Mario Kart, ule mchezo wa video wa mbio za magari, ni wa kubahatisha, na kwamba mtu mwenye ufundi wake acheze mwenzake, Crash Team Racing (CTR). Nimelifikiria jambo hili sana, ndugu yangu, na naona linastahili barua. Wewe unauliza bahati ni nyingi kiasi gani. Mimi nauliza inafika lini: kabla hujaamua, au ukiwa umeshamaliza kuamua?

Fikiria karata. Unagawiwa bila kujua utapata nini, lakini ukishazishika, kila unayoitupa umeichagua mwenyewe. Wote tunawajua watu ambao hata wakigawiwa takataka wanatoka nazo.

Boksi la njiani lenye alama ya kuuliza katika Mario Kart 8 Deluxe, linalokupa kifaa usichokichagua, ni mgawo wa namna hiyo, tena mgawo wenye upendeleo. Anayeongoza mara nyingi huambulia sarafu au ganda la ndizi. Walio mkiani hupewa nyota ya kuwakinga, radi inayowadumaza wenzao, hata ile risasi kubwa inayokubeba yenyewe. Wewe unasema hapo ufundi umezikwa. Lakini watazame wazoefu. Anayeongoza halitupi ganda la ndizi ovyo, analishikilia nyuma ya gari ili gamba jekundu la kobe, lile kombora linalomfukuza, lipasukie hapo. Wengine hujiachia nyuma makusudi, wanaokota uyoga wa kuongeza mwendo au nyota, wanatulia, wakifika penye njia ya mkato iliyojaa nyasi wanapita kama lami. Hiyo ni kamari ya mtu anayeijua njia. Akikosea muda, amebaki wa mwisho kweli.

Na hapo sijagusa kona. Ukidirifti vizuri, yaani ukiteleza kwenye kona, cheche zinatoka za bluu, zikakolea kuwa za chungwa, kisha zambarau, na kila rangi inakulipa msukumo mrefu zaidi. Sarafu nazo, hadi 10, zinakuongezea mwendo. Hakuna bahati kwenye hayo. Mtu anayekosa cheche kila kona hataokolewa na nyota moja.

Gamba la bluu ndilo linalonipa shida, na hapo niko upande wako. Limeanza na Mario Kart 64 mwaka 1996, linamsaka aliye wa kwanza, na mchezaji wa kawaida akishalisikia linakuja anakaa tu kungoja kulipuliwa. Umepiga kila kona sawasawa, umelinda mgongo wako, kisha unaadhibiwa kwa sababu umeongoza. Bahati ya namna hii siipendi hata kidogo, maana haikuachii uamuzi wowote. Mario Kart 8 ya mwaka 2014 ilijaribu kurekebisha: ilileta honi inayolipasua gamba hilo. Mwenye uyoga naye, kama ana mkono mwepesi, anaweza kuponyoka kwa kuufyatua palepale linaposhuka. Na kuna wajanja wanaokanyaga breki ili wa pili awafikie, walipuke pamoja. Nayapenda majibu hayo. Ila honi nayo inatoka kwenye boksi lilelile, kwa hiyo siku usiyogawiwa jibu, huna jibu.

Sasa mchezo wako. Crash Team Racing ya Naughty Dog, ile ya mwaka 1999 ya PlayStation ya kwanza, naiheshimu, na ile ya Beenox ya 2019, Nitro-Fueled, naiheshimu vilevile. Kona yake inakufanyisha kazi. Unaruka, unateleza huku umeshikilia kitufe kimoja cha bega la pedi, unasubiri, unabonyeza cha bega la pili kwa wakati wake, tena, na tena, mara tatu. Ukiwahi sana unapata kidogo. Ukichelewa hupati kitu. Msukumo unajilimbikiza, hivyo fundi anatoka kona moja na akiba ya kuingilia nyingine. Ndiyo maana anayeujua huo mtiririko unamwona anayoyoma tu, na mgeni anabaki kuuliza kama magari ni ya aina moja.

Nakuongezea sifa nyingine ambayo hukuitaja. Sanduku la mlipuko, TNT, likikuganda kichwani, unaruka-ruka mpaka lidondoke kabla halijalipuka. Umepigwa, lakini bado mchezo unakuuliza utafanya nini. Hicho ndicho ninachokitafuta! Hata hivyo usiniambie humo hamna bahati. Masanduku ya silaha yanabahatisha yale yale, na kuna lile duara linalopita njia nzima kumsaka anayeongoza. Wewe na gamba langu la bluu mnafahamiana vizuri, Baba Doto, huko mnaliita jina jingine tu.

Kama ni kushindana nani amelitatua jambo hili vizuri, kura yangu haiendi kwako wala kwangu. Naipa Diddy Kong Racing, waliyoitengeneza kampuni ya Rare mwaka 1997 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Humo hamna boksi la kuuliza. Kuna maputo ya rangi, na kila rangi unajua ina nini: jekundu la makombora, la bluu la mwendo, la kijani la kutega walio nyuma, la njano la kujikinga. Ukiokota rangi ileile tena bila kutumia uliyonayo, inaongezeka nguvu. Basi unapokaribia puto unafanya hesabu: nitumie sasa, au nivumilie niokote la pili? Aliye nyuma na aliye mbele wanaona maputo yaleyale. Nashangaa kwamba wazo zuri hivyo halikuenea.

Lakini mimi ninao watoto sebuleni, na hapa ndipo tunapoachana. Neema akicheza CTR na mjomba wake aliyezoea, anaachwa mbali, anaweka pedi chini na kwenda nje. Kwenye Mario Kart anapigwa vilevile, ila kila boksi linampa sababu ya kuendelea, na katika kuendelea ndipo nimemwona akijifunza kushika kona. Sikubali kwamba kumpa mgeni nafasi ni kuudharau ufundi. Fundi anapatikana kwa aliyebaki kwenye mchezo.

Umeme ukikatika tunafungua SuperTuxKart kwenye laptop mpaka chaji iishe. Ni ya bure, haihitaji mashine ya gharama, na inakubali kwenye simu za Android pia. Wapakulie watoto huko kwako.

Ukija Desemba kwa meli, tulipime jambo lenyewe. Mbio moja haithibitishi kitu. Katika Mario Kart 8 Deluxe wa kwanza anapata pointi 15, wa pili 12, wa tatu 10, wa nne 9. Gamba likikutoa wa kwanza mpaka wa nne umepoteza 6, inauma, lakini tukipanga mbio 48, ambazo mchezo unaziruhusu kwa mpangilio mmoja, magamba yatakupata wewe na yatanipata mimi. Tukitaka, gamba la bluu tunaliondoa kabisa kwenye orodha ya vifaa, mchezo unakubali hilo pia. Siku ya pili tunahamia kwako, CTR tupu, na nitakubali matokeo yake bila ubishi.

Njoo na pedi yako, moja ya zangu fimbo yake imelegea. Na ukipata senene, usimsahau mama Neema.

Ndugu yako,
Baba Neema