Jumapili Jambiani: maji ya bamvua

Assalaam alaykum wapendwa,

Jumapili tunakwenda ufukwe wa Jambiani. Ni bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, na bahari itakupwa sana kama saa 4 asubuhi. Tukutane Darajani saa 1 kamili. Vaeni viatu vya kufunga, kandambili hazifai. Mawe yale yanakata.

Tukifika, msikimbilie maji. Inameni kwanza kwenye mwamba wa ufukweni. Mtaona viduara vyenye mistari, kama jua linavyochorwa na mtoto. Ni matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Jiwe la aina hiyo ndilo lililojenga kuta za Mji Mkongwe, tunaloegemea kila siku bila kulitazama.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote: mkondo wa bahari kati ya Unguja yetu na bara ni wa kina kidogo, mita makumi tu. Miaka kama 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa barafu, bahari ilishuka zaidi ya mita 100. Unguja ikawa nchi kavu pamoja na bara, na wanyama wakapita kwa miguu. Ndiyo maana kisiwa chetu kilikuwa na chui. Pemba ni habari nyingine kabisa! Mkondo wake unashuka mita mia kadhaa, hivyo hata wakati huo ilibaki kisiwa.

Wenye watoto waje nao, wawashike mikono tu. Turudi ufukweni kabla ya saa 6. Maji yakianza kujaa huja haraka.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa jioni, nijue gari la ukubwa gani.