Krimu ya steroidi si dawa ya choa

Mhariri,

Joto na unyevu wa Mombasa huleta choa, na wengi hukimbilia duka la dawa kununua krimu ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), kama betamethasoni au klobetasoli. Baada ya siku mbili tatu muwasho hutulia, mtu akadhani amepona. Kumbe steroidi imezima kinga ya ngozi tu. Fangasi wanaoleta choa huendelea kutambaa chini kwa chini, ile pete yenye ukingo mwekundu hupoteza umbo, na hata daktari huitambua kwa shida. Choa hutibiwa kwa klotrimazoli, krimu ya kuua fangasi, mara 2 au 3 kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4, hata alama zikishafifia.

Steroidi zina kazi yake, kama vile ukurutu. Krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza ni kama nusu gramu, nayo yatosha eneo la viganja 2 vya mtu mzima pamoja na vidole. Klobetasoli ni kali mno: isizidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na usoni isipakwe bila daktari. Wanaoichanganya na losheni ya kujichubua wakapaka mwili mzima kwa miezi (na si wachache) ngozi hukonda, na dawa ikipenya damuni, tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, hupunguza kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili huihitaji. Huyo asiache ghafla. Aende kliniki apunguziwe taratibu.

Nanyi wenye maduka, mteja akitaja muwasho, iangalieni ngozi kwanza kabla ya kushusha tyubu rafuni.

Wafamasia, Kisauni, Mombasa