Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Tufungulie njia ya kinu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu,

YAH: NJIA YA ZIWANI ILIYOZIBWA KWA MABATI

Kwa umri unalingana na watoto niliowafundisha, lakini kwa cheo wewe ni mkubwa wangu, kwa hiyo nakusalimu kwa heshima zote. Hii ni barua ya nne. Tatu za kwanza nilizileta masjala kwa mkono wangu, nakala zilizogongwa mhuri ninazo kabatini. Sijajibiwa hata moja. Hii nimeamua kuiandika wazi, wasome na majirani.

Jumanne iliyopita saa 12:30 asubuhi nilimshika mzee wangu, yaani mume wangu, mkono tukatoka, kama tunavyofanya tangu alipopata kiharusi miezi 14 iliyopita. Tulipofika kwenye mwembe wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, tukakuta mabati mapya, yamepigiliwa kwenye mirunda, yameanzia barabarani yakashuka hadi majini. Nguzo ya mwisho imesimama ndani ya ziwa. Kwa mbali, nyuma ya mabati, tukasikia chuma kizito kikianguka. Walikuwa wanakata boila la kinu cha zamani cha pamba. Mzee wangu aliujua ule mlio kabla yangu. Alinibana mkono mpaka nikaumia.

Mheshimiwa, huenda hujawahi kutembea pale, kwa hiyo nikueleze. Kutoka mwaloni hadi kwenye magofu ya kinu cha pamba ni nusu saa kwa mtu mwenye afya, na kwetu ni saa nzima. Hakuna mlima, hakuna ngazi. Sisi watu wa Mwanza tunaishi juu ya mawe, mgonjwa akitoka mlangoni anakutana na jabali, na njia tambarare ni kitu cha kutafuta kwa tochi. Hii ni tambarare kwa sababu ilikuwa njia ya toroli. Walisawazisha tuta ili vibarua wasukume marobota kutoka kinuni hadi gatini. Reli zilishang'olewa zamani, lakini mataruma ya chuma bado yapo, yamezama nusu kwenye mchanga, na umbali kati ya taruma na taruma ni hatua moja ya mtu anayejifunza kutembea upya. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia ahesabu hatua. Yeye anahesabu mataruma.

Ujanani alikuwa fundi wa rola pale kinuni, zile mashine za kutenganisha pamba na mbegu. Kazi yake ilikuwa kurekebisha visu: rola ya ngozi inavuta nyuzi, kisu kinazuia mbegu, na nafasi ikizidi kidogo tu mbegu zinapondeka na pamba inashuka daraja. Miezi minne baada ya kiharusi alikuwa hasemi neno linaloeleweka. Siku moja tukapumzika kwenye kivuli cha bomba la moshi, lile la matofali lenye viota vya ndege juu, akaweka kiganja kwenye mlango wa boila, akasema "rola". Wazi kabisa. Nililia palepale, na wavuvi waliokuwa wakianika dagaa wakadhani nimefiwa.

Ndicho chuma kilichokatwa Jumanne.

Nilipokwenda ofisini kuuliza, niliambiwa yale magofu si mambo ya kale. Nikarudi nyumbani nikaisoma sheria, maana kusoma ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Hakuna kinu cha pamba kanda hii kilichojengwa kabla ya 1863! Kwa kipimo hicho historia yote ya pamba ya Usukuma ni chuma chakavu. Lakini sheria hiyohiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo la baadaye kuwa kumbukumbu inayolindwa. Waziri hawezi kutangaza asichoandikiwa, na wa kuanza kumwandikia ni wewe.

Na ni historia ya nani? Ni ya wazazi wetu. Kabla reli haijafika Mwanza mwaka 1928, pamba ya huku ilivushwa ziwa kwa meli hadi Kisumu, kisha treni hadi Mombasa. Wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani waliungana, na mwaka 1955 ukazaliwa Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Victoria uliosimamiwa na Paul Bomani, wakaja kumiliki vinu vyao wenyewe. Serikali ikavunja vyama vya ushirika mwaka 1976. Vikarudi baadaye, vikayumba tena soko la pamba lilipofunguliwa miaka ya 1990. Hayo yamepita. Kilichobaki kwetu ni kuta, bomba la moshi na ile njia.

Wengine wanasema ni zabuni ya chuma chakavu, wengine wanasema inakuja hoteli. Mimi naona ni yote mawili: chuma kwanza, kiwanja baadaye. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nguzo iliyo ndani ya maji iko mita ngapi? Na mwaka jana, kwenye mkutano wa hadhara chini ya mwembe uleule, ulituahidi kwa kinywa chako kwamba njia ya ziwani haitaguswa. Nilikuwa mstari wa mbele. Nilipiga makofi.

Sasa anayetaka kupita anazunguka majini. Wanafunzi wanazunguka majini na sare zimekunjwa, wakati kichocho tunakijua sote. Mzee wangu hawezi. Mazoezi mjini ni bodaboda ya shilingi 10,000 kwenda na kurudi, na pensheni yangu inaishia kwenye dawa za presha, zake na zangu. Tangu Jumanne amekaa kwenye kiti cha kibarazani. Juzi mvuvi mmoja alipita akamsalimu, "Mwangaluka, baba," naye hakuitika. Mwezi uliopita alikuwa anaitika.

Boila halitarudi, najua. Simamisha ukataji leo, kabla hawajafika kwenye bomba la moshi. Mwandikie Waziri. Na kama hayo mawili yanahitaji vikao, basi toa mabati matatu upande wa ziwa, upana wa toroli moja, tupite. Hilo halihitaji kikao. Linahitaji nyundo.

Jumatatu saa 12:30 asubuhi tutakuwa kwenye mwembe, mimi na yeye. Nimeshampigia rangi viatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, mke wa fundi wa rola