Barua ya malalamiko: Ugonjwa ulikuwa kwenye sumaku, mkasuka upya koili isiyo na kasoro

Ngamiani, Tanga.

Kwa Meneja,
Karakana ya Vyombo vya Muziki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA PIKAPU YA GITAA LANGU LA STILI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Pikapu ninayoisema ni kile kifaa cha gitaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya; kina sumaku na koili, yaani waya mwembamba uliosukwa kwa kuzungushwa mara nyingi.

Mwezi wa tatu niliwatumia kwa basi gitaa la stili, lile la kulaza mapajani. Ni Rickenbacker la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, aliloniachia baba yangu mdogo, aliyelipiga hapahapa Tanga enzi za bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Sauti yake ilikuwa imefifia. Haikukatika wala haikukwaruza, ilififia tu, kiasi kwamba nikipandisha amplifaya nasikia mvumo kuliko nyuzi.

Kabla ya kulituma nililipima mwenyewe. Koili niliitia testa, ikasoma namba ileile niliyoiandika kwenye daftari miaka saba iliyopita. Maana yake waya ni mzima, na hilo nilimshukuru Mungu, kwani hewa ya bahari ya huku inakula hata bawaba za madirisha. Kisha nikachukua msumari wa inchi tatu. Sumaku ya upande wa nyuzi nene ikaushika, ukaning'inia. Ya upande wa nyuzi nyembamba ikaudondosha sakafuni. Nikarudia mara tatu, ukadondoka mara tatu.

Haya yote niliyaandika kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kasha la gitaa: koili msiiguse, chajini sumaku tu. Kijana wenu wa mapokezi alinithibitishia kwa simu kwamba karatasi ameiona.

Baada ya wiki sita gitaa likarudi na risiti ya Sh. 320,000, imeandikwa "kusuka koili upya". Kusuka koili nani aliwaagiza? Pikapu hii ni ya sumaku mbili zilizopinda kama kwato za farasi, nyuzi zinapita katikati yake. Ni aina ileile iliyokuwa kwenye magitaa ya umeme ambayo Rickenbacker walianza kuyauza mwaka 1932, na George Beauchamp akapata hataza yake mwaka 1937. Sumaku za chuma za zamani hupungua nguvu kwa umri, na hupungua zaidi zikifunguliwa na kuachwa mezani bila kipande cha chuma cha kuunganisha ncha zake. Dawa yake ni kuzichaji kwa mashine au kwa sumaku kali za kisasa. Ni kazi ya dakika chache, na koili haiguswi.

Lililoniumiza zaidi nililiona nilipofungua skrubu. Sumaku hizi hufungwa ncha zinazofanana zikitazamana, kwa hiyo zinasukumana, na fundi hulazimika kuzikandamiza kwa mkono mpaka skrubu zishike. Za kwangu zilikuwa zimegandana. Fundi wenu ameigeuza moja, sasa zinamalizana nguvu zenyewe kwa zenyewe badala ya kuzipeleka kwenye nyuzi. Leo hakuna inayoshika msumari, hata ile iliyokuwa nzima. Gitaa limerudi na sauti ndogo kuliko lilivyoondoka, na harusi mbili za mwezi wa sita nimezikataa.

Ndugu Meneja, koili ile ilisukwa kiwandani, ikakaa miongo yote hiyo bila kukatika. Nimeuliza iko wapi, nimejibiwa "vya zamani huwa tunatupa". Hiyo ni mali yangu. Naomba itafutwe hata kwenye makopo ya vyuma chakavu, nirudishiwe ilivyo, hata kama waya umekatwa, maana fundi anayejua anaweza kuhesabu mizunguko yake na kupima unene wa waya, akaisuka kama ilivyokuwa. Fedha za kazi nisiyoiagiza nirudishiwe zote pamoja na nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Sumaku msinichajie ninyi, nimeshapata fundi mwingine.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitapeleka lalamiko Tume ya Ushindani, nikiambatanisha risiti yenu, nakala ya karatasi yangu na picha za sumaku zikiwa zimegandana.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi.

Wenu,
Mteja, mpiga gitaa la stili,
Ngamiani, Tanga.