Shoga, hesabu yako haijakamilika

Shoga yangu,

Barua yako imenikuta Mangaka, msimu wa korosho umekolea, napikia makuli wa ghalani na madereva na matingo mpaka usiku wa manane, ndo maana jibu limechelewa, unisamehe.

Unaniuliza dawa kinga, vile vidonge vya kuzuia usipate VVU, si kujisumbua tu kwa mtu anayeenda dago, kambi ya wavuvi, miezi miwili kununua dagaa halafu anarudi zake Lindi? Dawa yenyewe bure, hapo hatubishani, kinachouma ni vingine. Mi siku ya kliniki sifungui jiko, bodaboda elfu nane kwenda na kurudi, na kila miezi mitatu nipimwe tena ndo nipewe nyingine. Wiki ya kwanza kichefuchefu kilinishika nikadhani nina mimba, loh! Na kile kikopo shoga, ukitembea kinalia chakachaka kwenye mkoba, abiria wenzio washakuhukumu kwamba unao. Siku hizi natia pamba ndani.

Sasa geuza upande wa pili. Ukishaupata, kidonge ni kila siku mpaka unazikwa, leo uko Kilwa kesho Songo Songo na kliniki yako iko Lindi. Yaani unakwepa safari mbili tatu unajitafutia za maisha.

Na si kwamba umeze mwaka mzima, hatari yako iko dagoni (najua na jina lake, msalimie). Pima kwanza, anza kama wiki moja kabla hujaondoka maana ukianza siku ya kufika haijashika, ukirudi wakwambie lini uache. Kondomu palepale, dawa kinga haizuii kaswende wala mimba. Na ikipasuka hukuwa unameza, zipo zile za siku 28 ila uwe umeshaanza ndani ya saa 72, haya niambie boti ya kukutoa huko unaipata lini?

Kuna mzee hapa kijiweni anasema serikali inapoteza hela kuwagawia dawa kinga wapita njia. We mzee, kwani dereva akishapita analala wapi, si kwa mkewe! Nesi mmoja huwa anakuja usiku magari yakishapaki, anaacha vipimo vya kujipima hapa jikoni kwangu, madereva wanachukua kimyakimya. Mchana angekuja angeongea na masufuria.

Nasikia na sindano ya kinga ya mara mbili kwa mwaka, ile ya bei nafuu inategemewa 2027, kama dola 40 kwa mwaka mzima. Ikifika huku nahamia, kikopo nitatilia binzari.

Niwekee dagaa ndoo mbili, wakavu, si wale wa juzi wenye mchanga.

Shoga yako wa jikoni