Barua ya wazi kwa wanangu mnaosubiri mwisho wa mwezi

Wanangu,

Salamu zenu nimezipokea, marahaba. Mmeniuliza kwa makundi na mmoja mmoja, na swali ni lile lile: mzee, nifanye biashara gani ya pembeni ili mshahara upate msaidizi? Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, na mtanivumilia nikianza mahali ambapo hamkuuliza. Kabla hatujatafuta biashara mpya, niambieni ile mliyo nayo inawaingizia nini. Nimekaa na wengi wenu, nimewasikiliza, na ninachokiona ni kwamba wengi hamna chanzo cha pili cha mapato. Mna chanzo cha pili cha matumizi, na mshahara ndio unaokilisha.

Chukueni mfano wa anayeuza nguo kwa simu baada ya saa za kazi. Anasema mwezi huu umekuwa mzuri, ameuza. Sawa, tumhesabie. Katika kila 100 aliyouza, 70 ilinunua mzigo. Usafiri na vifungashio vimekula 12. Bando la intaneti na makato ya kutuma na kutoa pesa, 5. Wapo waliochukua kwa mkopo na sasa hawapokei simu, hao tuwawekee 8. Amebaki na 5. Sasa mwulizeni ametumia saa ngapi kupiga picha, kujibu wanaouliza bei kisha wakanyamaza, kufuatilia mzigo uliochelewa. Tuseme saa 40 kwa mwezi. Ile faida yake yote aigawanye kwa saa hizo, kisha agawanye mshahara wake kwa saa anazofanya kazi ofisini, aziweke namba mbili hizo pamoja. Wengi hukasirika tukifika hapa. Hulikasirikia karatasi kwanza, halafu mimi.

Simkatazi mtu kuuza nguo. Namtaka ajue anachofanya. Biashara changa inaweza kwenda miezi kadhaa bila faida, hilo halina ajabu, lakini ni lazima ujue umekubali miezi mingapi, na umekubali kupoteza sehemu gani ya mshahara wako. Kiwango hicho kiweke kabla hujaanza, kiandike, mwonyeshe unayeishi naye. Kikiisha, kimeisha. Asiyejiwekea kiwango huongeza kidogo mwezi huu, kidogo mwezi ujao, na kila mara ana sababu nzuri.

Na pesa za biashara zikae peke yake. Akaunti nyingine, laini nyingine ya malipo, chochote kile mradi zisichanganyike na za nyumbani. Hili mnaliona dogo, lakini bila hilo ile hesabu niliyowafanyia hapo juu haiwezekani, na mtaendelea kusema biashara inalipa kwa sababu tu mfukoni hamjakosa nauli.

Sasa nije kwenye swali lenu. Ukiniuliza ufanye nini, nitakuuliza mwajiri wako anakulipa kwa ujuzi gani. Huo ujuzi umeshajifunza, umeshakosea na kurekebishwa kwa gharama ya mtu mwingine, na kuna watu wanaouhitaji ambao hawawezi kumwajiri mtu wa kudumu. Mhasibu anaweza kushika vitabu vya wafanyabiashara wawili wadogo mwisho wa mwezi. Mwalimu anaweza kufundisha watu wazima wanaojiandaa kwa mitihani. Fundi umeme wa kiwandani, mtafsiri, mtu wa kompyuta, mwandishi wa miradi, wote wana kitu cha kuuza kisichohitaji stoo wala mzigo wa kununua kwanza. Mtaji wake ni jina zuri na saa chache. Najua haina mvuto wa kuonyesha picha, na kijana mmoja aliniambia wazi kwamba kazi ya mchana imemchosha, hataki kuirudia jioni. Hiyo ni sababu halali kabisa. Ila ajue kwamba anaanza upya katika fani ambayo wenzake wameshatangulia, na ajipe muda kulingana na hilo.

Ujuzi huo huo ndio wenye mtego, na hapa naomba msinirukie. Mkataba wako wa ajira umeusoma? Wote husema ndiyo. Kisha nauliza kifungu kuhusu kazi nje ya ajira kinasemaje, wananiangalia. Mikataba mingi inataka umwarifu mwajiri au uombe kibali chake kwa maandishi. Mingi inakataza kuwahudumia washindani wake au wateja wake. Mingine inasema ulichobuni ukiwa mwajiriwa, hasa kinachofanana na kazi yako, ni mali yake. Steve Wozniak alikuwa akibuni vikokotoo katika kampuni ya Hewlett-Packard alipotengeneza kompyuta yake mwenyewe miaka ya 1970. Aliona ni wajibu wake kuipeleka kwanza kwa mwajiri. Wakaikataa. Ndipo yeye na wenzake walipoanzisha Apple, Aprili 1976, na hata baada ya hapo aliendelea kwa muda na kazi yake ya mchana. Watu husimulia sana jinsi walivyoikataa bahati. Mimi napenda zaidi kwamba aliuliza, kwa sababu kule kuuliza ndiko kulikomwacha huru kufanya atakalo.

Basi ulizeni, na mpewe jibu kwa maandishi. Msitumie kompyuta ya ofisi, wala barua pepe ya ofisi, wala saa ya ofisi. Anayejibu wateja wake chini ya meza wakati wa kikao anadhani hajaonekana. Ameonekana. Bosi ananyamaza tu mpaka siku ya kupunguza wafanyakazi.

Wakubwa wenzangu hupenda kuwarushia vijana ile methali ya mshika mbili, moja humponyoka. Mimi siipingi. Inaponyoka kweli, na mara nyingi inayoponyoka ni kazi, kwa sababu biashara ndiyo mpya na tamu. Ndiyo maana nasema mshahara ushikwe kwa mkono wenye nguvu. Mshahara ndio unaokuruhusu kukataa mteja msumbufu. Ndio unaokuruhusu kungoja, kutokopa kwa riba ya kuumiza, na kutopunguza bei kwa sababu ya njaa. Ukiharibu kazi kwa ajili ya biashara, umeiondolea biashara yako mfadhili asiyedai riba.

Kuhusu muda nitakuwa mfupi, maana hapa wengi mnajidanganya kwa namna moja: mnahesabu saa zilizobaki badala ya nguvu zilizobaki. Saa tatu za usiku baada ya siku nzima ya kazi hazilingani na saa moja na nusu ya alfajiri. Mwingereza Anthony Trollope alifanya kazi katika shirika la posta tangu 1834 hadi 1867, na humo humo akawa anaandika riwaya. Alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, saa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, na alimlipa mtumishi nyongeza ili amwamshe. Aliacha riwaya 47. Siwaambii muamke saa hiyo. Mwenye mtoto mchanga atanicheka. Lakini angalieni kwamba alikuwa na saa moja iliyojulikana, kila siku, na kazi iliyojulikana ya kufanya ndani yake. Nanyi chagueni saa zenu na muachie siku moja ya wiki bila chochote. Mgonjwa hapati kipato cha kwanza wala cha pili.

Sasa lile linalonikera, mapato ya kulala. Kila wiki kuna anayeniambia hataki kuuza muda wake tena, anataka pesa imfanyie kazi. Vizuri, tufanye hesabu. Tuseme umewekeza mahali panapokupa asilimia 6 kwa mwaka, iwe gawio la hisa au riba ya hatifungani, yaani pesa unayoikopesha serikali au kampuni. Ili kila mwezi upate kiasi sawa na mshahara wako mmoja, unahitaji kuwa umeweka mishahara 200. Mishahara 200 ni zaidi ya miaka 16 ya kutokula. Nyumba ya kupangisha nayo hailali: bomba linapasuka usiku, mpangaji anahama, na mwezi mmoja tu wa chumba kitupu umeondoa zaidi ya asilimia 8 ya kodi ya mwaka mzima. Uwekezaji ni mwema, na kadiri unavyoanza mapema ndivyo bora. Lakini kwa mtu anayeanza, pesa ya kuwekeza hutoka kwenye jasho la saa za ziada, na anayewaambia vinginevyo mwangalieni anauza nini.

Kabla ya kuwekeza popote, lipeni madeni yenye riba kubwa. Gawanya 72 kwa riba utapata kwa makadirio miaka ambayo deni lisiloguswa hujirudufu. Riba ya asilimia 24 ni miaka 3. Hakuna biashara ya pembeni ninayoijua inayokuhakikishia asilimia 24, lakini kulilipa deni hilo kunakuhakikishia. Na muwe na akiba ya dharura ya miezi michache, ili siku mtoto akiugua msiuze mashine ya kushonea iliyokuwa inawaletea wateja.

Nyinyi wa mshahara mna sifa moja ambayo matapeli wanaipenda: pesa yenu inakuja kila mwezi, na tarehe inajulikana. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Alisema ananunua kuponi za posta nchi moja kwa bei ya chini na kuzibadilisha nyingine. Wa kwanza walilipwa kweli, na ndio waliowaleta ndugu na wafanyakazi wenzao. Mtu mmoja alipokaa kupiga hesabu aliona kwamba kwa pesa zile zilizokusanywa zingehitajika kuponi milioni 160, na zilizokuwa zikizunguka zilikuwa kama 27,000 tu. Waliolipwa walilipwa kwa pesa za waliofuata. Leo hakuna kuponi, kuna sarafu za mtandaoni, kuna kilimo cha mbali usichokiona, kuna kikundi cha kualika watano. Swali ni lile lile: bidhaa iko wapi, na nani asiye mwanachama anainunua? Na msikubali kulipwa mara ya kwanza kuwe ndiyo ushahidi wenu.

Kodi ya serikali iko pale pale kwa kipato cha pili. Wekeni kando sehemu yake kila mnapolipwa.

Wapo wanaoniuliza waache kazi lini. Watafiti wawili, Joseph Raffiee na Jie Feng, walichapisha mwaka 2014 utafiti kuhusu Wamarekani waliojiajiri, wakaona kwamba walioanza biashara wakiwa bado kazini, kisha wakaacha baadaye, walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufunga, kwa karibu asilimia 33, kuliko walioacha kazi moja kwa moja. Sishangai. Aliyeanza kidogo kidogo amejifunza kabla ya kulipia nyumba kwa biashara hiyo, na ameona kama kweli inafaa kuendelea nayo.

Kwa hiyo anayetaka kuacha ajijaribu hivi. Miezi sita mfululizo, mshahara wa ofisini usiguswe, uingie akaunti ya akiba. Nyumba ilishwe, kodi ya pango ilipwe, ada zilipwe, kwa pesa ya biashara pekee. Ukiteleza mwezi mmoja, anza kuhesabu upya. Ukimaliza miezi hiyo, utakuwa umejua kama biashara inakubeba, na utakuwa na mishahara sita mkononi. Ndipo uandike barua ya kuacha kazi, utoe notisi kamili kama mkataba unavyotaka, ukabidhi kazi vizuri, na uwaombe wakuhesabu miongoni mwa watoa huduma wao, maana mara nyingi mteja wa kwanza mkubwa ni mwajiri uliyeondoka kwake kwa heshima.

Mzee wenu